Mlinzi wa Omena

Nilipoolewa Sori, kando ya ziwa, nilikuta nafasi ya pili katika boma lile imeshachukuliwa na ndege. Ya kwanza ilikuwa ya mama mkwe. Ya tatu labda ilikuwa ya mume wangu, na mimi nilikuwa huko chini pamoja na kuku.

Alikuwa korongo mwenye taji, wale wa shingo ya kijivu na mashavu meupe, na kishungi cha rangi ya dhahabu kichwani. Akisimama wima alinifika kiunoni. Wageni humwona kwenye picha wakasema ni mzuri, na ni mzuri kweli, siwezi kusema uongo. Nimekaa naye boma moja, najua uzuri wake kuliko wao. Hadi leo korongo akipita angani akilia, mimi huingia ndani nikafunga mlango.

Mama mkwe alimtoa matopeni akiwa bado yai. Mwaka aliofiwa na mumewe alikwenda kukata mafunjo ya mikeka pale Mto Kuja unapoingia ziwani, akakuta kiota kimezama nusu. Akalibeba yai moja ndani ya leso, akaliweka chini ya kuku aliyekuwa akiatamia. Kifaranga kilipototolewa kikamfuata yeye, kuku akaachwa peke yake. Kilikula mkononi mwake na kulala mlangoni pake. Kila manyoya ya bawa yalipoota, aliyapunguza kwa mkasi upande mmoja, asiweze kuruka. Majirani walisema mjane yule amepata mume wa miguu mirefu. Yeye alicheka nao, kwa maana alijua wanamwonea wivu.

Mimi natoka Kasipul, upande wa Oyugis, kwa watu wa ndizi na viazi vitamu. Samaki nilimjua akiwa sufuriani. Kwa hiyo kazi ya omena, dagaa wa ziwani, nilifundishwa kama mtoto. Wanaume walirudi alfajiri na taa zao za karabai zimezimwa, mitumbwi imejaa samaki wadogo wanaong'aa kama sindano. Sisi wanawake tuliwamwaga juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, tukawasambaza kwa mikono, na jua likipanda tukawageuza. Mvua ikiwapata kabla hawajakauka, hao ni chakula cha kuku tu, kazi yote bure.

Na jua ndilo lililokuwa rafiki. Maadui walikuwa kuku, bata, mbwa, yangeyange na mwewe. Katika maboma mengine mtoto mkubwa au bibi aliyechoka aliketishwa pale na fimbo kutwa nzima. Kwetu kulikuwa na korongo.

Mama mkwe alimfundisha mwenyewe, na alipenda kueleza alivyomfundisha. Kuku akikanyaga wavu, yeye humwonyesha korongo kwa kidole. Korongo akimdonoa kuku, yeye hupiga kigelegele kifupi na kumpa kiganja cha omena wabichi. Mara chache tu, ndege akaelewa. Baada ya hapo hakungoja kuonyeshwa. Alitembea kati ya nyavu kwa madaha, kama askari wa chifu siku ya mkutano, na chochote kidogo kilichotambaa kuelekea samaki alikifuata. Akishamaliza alikwenda kwa mama mkwe, akanyosha shingo na kungoja ujira wake.

Tena hakudonoa mgongo wala mkia. Alidonoa jicho. Nusu ya kuku wa boma letu walikuwa chongo. Wageni walicheka sana walipoona jogoo anazunguka kutafuta punje iliyo mbele yake. Mimi pia nilicheka mwanzoni. Nilipopata mimba nikaacha kucheka.

Nilimwambia mume wangu kwanza, kama inavyopasa. Yeye alivua usiku na kulala mchana, kwa hiyo mazungumzo yetu mengi yalikuwa ya mtu mmoja.

"Huyu ndege anatoboa macho," nikasema.

"Ya kuku."

"Na mtoto akitambaa atakuwa na ukubwa gani? Si wa kuku?"

Akafunua jicho moja. "Nyar Kasipul," akasema, maana hivyo ndivyo walivyoniita pale, binti wa Kasipul, "wewe unaogopa kuku aliyevaa kofia." Akageukia ukutani.

Mtoto alizaliwa msichana. Siku zake za kukaa ndani zilipotimia tukamtoa nje asubuhi kama ilivyo desturi, nikakaa naye mlangoni pa mama mkwe watu wamwone. Ndipo korongo akaja. Alipita katikati ya wanawake bila haraka, akasimama mbele yetu. Akainamisha kichwa, akafungua mabawa, lile zima na lile lililokatwa, akaanza kucheza. Aliruka, akainama, akaruka tena. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mume wangu akaamka. Walisema mtoto amepokelewa, na kwamba hakuna mtoto wa Sori nzima aliyepata mapokezi kama hayo.

Mimi nilimwona alipomaliza kucheza. Korongo hatazami kwa macho yote mawili. Aligeuza kichwa upande, akamtazama mwanangu kwa jicho moja, jeupe, lisilopepesa. Kisha akageuza upande wa pili akamtazama kwa lile lingine. Nilimfunika mtoto uso kwa leso. Wenzangu wakadhani naogopa upepo.

Tangu siku hiyo sikuwa na mtu wa kumwambia kitu. Ndege aliyelinda chakula sasa alikuwa pia ndege wa baraka. Nilipoomba afungwe kamba, mama mkwe aliweka chini ungo wake akanitazama kwa huruma, jambo lililoniudhi kuliko kama angenitukana.

"Mwanangu, akifungwa nani atalinda?"

"Mimi nitalinda."

"Wewe una mtoto mgongoni na mikono miwili. Huyu alinikuta nikilia peke yangu, hajawahi kunidhuru hata ukucha."

Wahenga walisema mwenye kupenda, chongo huita kengeza. Boma lile lilikuwa limejaa kuku wa chongo, na yeye hakumwona hata mmoja. Na mimi nilikuwa bado napika kwenye jiko lake, sijapewa mafiga yangu. Mwanamke asiye na mafiga yake anaweza kutoa amri gani? Nilikwenda kwetu Oyugis kumweleza mama yangu mzazi. Alinisikiliza hadi mwisho, akanifungia viazi kwenye kikapu, akaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikarudi Sori.

Nikajaribu hila. Nilimwambia mama mkwe, "Kazi ya kukata mabawa niachie mimi, mama, upumzike." Alifurahi mno. Aliwaambia majirani kwamba binti wa Kasipul sasa amekuwa mtu wa kwetu. Nilimshika ndege yule chini ya kwapa, moyo wake unadunda kwenye mbavu zangu, nikachezesha mkasi hewani ulie kha, kha, nikapunguza ncha tu. Manyoya yakaota. Siku moja ya upepo mkali alitandaza mabawa kunyosha viungo, upepo ukamwinua. Nadhani yeye mwenyewe alishangaa. Alizunguka juu ya paa, akavuka mitumbwi, akaelekea upande wa Muhuru Bay akawa nukta.

Mama mkwe alilia kilio cha msiba. Aliketi chini, miguu ameinyosha, akilia kwa sauti, majirani wakaja mbio wakidhani mtumbwi umezama. Mimi nilisonga ugali. Sijawahi kusonga ugali mlaini kama ule.

Kesho yake mchana alirudi. Hakurudi hata kwa kuruka. Aliingia langoni kwa miguu, polepole, kama mtu anayetoka sokoni, akaenda moja kwa moja kwenye nyavu akamfukuza bata. Mama mkwe alimpa omena kwa mikono miwili, akamkata bawa mwenyewe hadi karibu na ngozi. Kuanzia hapo mkasi aliufunga kiunoni pamoja na funguo zake. Hakunilaumu. Sidhani alifikiri kwamba mtu anaweza kutaka ndege yule aondoke.

Basi nikambeba mwanangu. Nilipika naye mgongoni, nikateka maji naye, nikageuza omena naye. Mgeuzaji wa omena huinama kutwa, na mtoto mgongoni huteremka shingoni, naye huzidi kuwa mzito kila mwezi. Mgongo uliniuma hadi nikawa natembea kama bibi. Ndege alitufuata. Mara moja mtoto alitoa mkono nje ya leso, ulikuwa na ushanga mweupe, ndege akadonoa ule ushanga, uzi ukakatika. Ngozi ilichubuka kidogo tu. Mama mkwe aliokota shanga moja moja, akasema, "Anacheza naye. Wamezoeana." Mume wangu aliangalia mkono ule, akasema atajenga ua wa miiba. Hata alikata miiba, akairundika kando ya choo. Ikakaukia pale.

Mtoto alianza kutambaa kipindi cha mvua za vuli, wakati omena wanahitaji haraka. Asubuhi moja lori la mnunuzi kutoka Migori lilifika ufukweni, na ilibidi mtu aende na magunia, kwa sababu mume wangu alikuwa na homa. Nikaanza kumfunga mtoto mgongoni. Mama mkwe akanizuia.

"Utainua gunia na mtoto? Mwache hapa kivulini."

"Mfunge ndege kwanza."

"Nitamfunga."

"Nimwone amefungwa."

Alimfunga. Alichukua kamba ya katani akamfunga mguu kwenye mti wa kando ya jiko mbele ya macho yangu, na ndege akaitazama kamba kwa jicho moja kama mtu aliyekosewa heshima. Nilimlaza mwanangu juu ya gunia tupu, amelala. Nikaondoka.

Yaliyotokea sikuyaona. Mama mkwe aliniambia mwenyewe baadaye, ndani ya lori, bila kuficha hata neno moja, na kwa hilo nampa haki yake. Upepo uligeuka kutoka ziwani na wingu jeusi likapanda. Omena wa nyavu zote walikuwa nje. Alianza kuwakusanya kwenye beseni, peke yake, na alipokuwa wavu huu, kuku walikuwa wavu ule. Alipowafukuza huku, bata waliingia kule. Alimtazama mtoto, akamwona bado amelala. Akaenda akafungua kamba.

Mtoto aliamka. Alimwona bibi yake ameinama kule mbele na akamtambalia, kama mtoto yeyote anavyomtambalia mtu anayempenda. Njia ya kufika kwa bibi ilipita juu ya wavu. Aliweka mkono wake katikati ya samaki.

Nilirudi na lori, kwa kuwa wenye lori walikuwa wamesema watapakia magunia yaliyobaki bomani. Niliona kwanza kwamba mvua imeanza na omena wako nje. Nikajua hapohapo. Mama mkwe hawezi kuacha omena wanyeshewe. Alikuwa ameketi katikati ya nyavu, mtoto yuko kifuani mwake, kitambaa chake cha kichwa amekifunga usoni mwa mtoto na kitambaa ni chekundu. Mtoto hakuwa analia tena, alikuwa akikoroma kwa kwikwi. Na ndege alikuwa amesimama mbele yao mvuani. Alikuwa amenyosha shingo. Alikuwa anangoja apewe omena.

Sikumchukia kwa kutoboa jicho. Nilimchukia kwa kungoja.

Dereva alitupakia mbele, akaacha magunia, akatupeleka kwenye zahanati, na zahanati ikasema twende Homa Bay, akatupeleka Homa Bay. Barabara ya Ndhiwa ilikuwa tope tupu. Ndani ya lori ndimo mama mkwe alimoniambia yote. Nilimsikiliza huku nimeushika mkono wa mtoto kwa nguvu ili nisimpige mtu mzima. Nilitaka kumpiga. Mungu anisamehe au asinisamehe, nilitaka kumpiga mpaka anyamaze.

Hospitalini muuguzi alifungua kitambaa, akakifunga tena upesi.

"Mama, nani alimdunga hii mtoto?"

"Ni ndege."

"Ndege gani?"

"Ndege ya nyumbani," nikasema. "Ya kufuga."

Alinitazama kama mtu anayetafuta uongo usoni mwangu. Akamtazama mama mkwe. Mama mkwe alisema, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Ni yangu. Mimi ndiyo ilimfundisha."

Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema, "Hii jicho imeenda, mama. Tukiiacha inaweza kuharibu ile ingine. Tutoe hii, tuokoe ile." Nikakubali. Mama akubali nini kingine? Alitolewa jicho na akaachiwa moja, na watu waliokuja kututazama waliniambia nishukuru. Wodi ile ilikuwa na dirisha linalotazama ziwa, na gugu maji lilikuwa limeanza kulifunika upande huo, kijani kitupu kama shamba, mitumbwi imekwama ndani yake. Nilikaa dirishani nikijaribu kushukuru.

Mama mkwe alirudi Sori kabla yetu. Nilimwagiza mume wangu neno moja tu: ndege asiguswe. Nilitaka nimkute. Nilikuwa nimeshaamua ni panga lipi, na nitasimama wapi.

Nilipofika, kuku walikuwa juu ya nyavu wanakula omena watakavyo na hakuna aliyewafukuza. Mume wangu alikuja kunipokea mtoto. Nikamuuliza yuko wapi.

"Mama alimmaliza," akasema.

Alinieleza kila kitu, kwa kuwa nilimlazimisha aeleze. Siku aliyorudi kutoka Homa Bay, mama mkwe hakuingia hata ndani. Alisimama uani akamwita ndege kwa ile sauti yake, akiwa na kiganja cha omena wabichi. Ndege alimjia mbio, maana hakuwa amelishwa tangu siku ile. Akala. Alimwacha ale hadi wa mwisho. Kisha akamshika shingo kwa mkono uleule, akakaa naye chini mpaka miguu ilipoacha kutapatapa. Hakumpika wala hakumtupia mbwa. Alimzika nyuma ya jiko, na mkasi akauzika pamoja naye.

Nilikasirika. Watu hutegemea niseme kwamba nilimhurumia, na huruma ilikuja, lakini ilichukua miaka. Siku hiyo nilikasirika kwa kunyang'anywa hata kisasi hicho. Niliingia jikoni kwake, nikachukua mafiga matatu moja baada ya jingine, nikayabeba hadi mbele ya nyumba yangu. Mila haziruhusu. Nikawasha moto wangu.

Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu.

Baada ya hapo mama mkwe alichukua fimbo ya mwanzi, akaenda kuketi kati ya nyavu. Aliketi pale kila siku ya jua, na jua la ziwani halina adabu kwa mtu mzima. Tulimwambia aje kivulini. Tulimwambia kuku watafungiwa. Kuku akija alipiga ardhi kwa fimbo, kuku akaondoka na macho yake yote.

Mwanangu alijifunza kutembea kwa kuchelewa. Alikuwa akigonga mlango upande wa kushoto, akikosa kikombe, akianguka kwenye kizingiti alichokivuka jana. Halafu, bila kufundishwa na mtu, akapata njia yake. Akitaka kuona kitu vizuri husimama kimya, akageuza kichwa chake kidogo upande, akakitazama kwa jicho moja bila kupepesa.

Siku ya kwanza alipofanya hivyo tulikuwa kwenye nyavu. Alikuwa ametembea peke yake, akipepesuka, kutoka kwangu hadi kwa bibi yake, akikanyaga omena, na hakuna aliyemkemea. Alifika mbele yake, akasimama. Akageuza kichwa. Alikuwa akimtazama bibi yake tu, kwa sababu alimpenda, na alikuwa amenyosha mkono apewe samaki.

Mama mkwe aliweka fimbo chini. Alichukua omena mmoja wavuni, akamwekea mtoto kiganjani, samaki akaanguka, akaokota mwingine. Kisha akajifunika uso kwa leso, akabaki ameketi hivyo. Mtoto alikula, akageuza kichwa, akangoja mwingine.

Mimi ndiye niliyekwenda kumchukua mtoto.